Dereva mpya wa lori: mapumziko ni sehemu ya safari

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Kwa miaka mingi meli kubwa zilizofika katika Bandari ya Tanga zilitia nanga mbali na gati, na shehena yake ikasafirishwa kwa matishari hadi nchi kavu. Maboresho yaliyogharimu Shilingi bilioni 429.1 yameongeza kina cha maji hadi mita 13 na kuipatia bandari hiyo gati lenye urefu wa mita 450, hivyo meli sasa hufunga gatini na mizigo kushushwa moja kwa moja. Shehena inayoshushwa hapo huelekea Kilimanjaro, Arusha, Manyara na hata nchi jirani zisizo na bahari, na sehemu kubwa yake husafiri kwa barabara.

Kila lori linalotoka getini linahitaji dereva. Ndiyo maana vijana wa Muheza, Korogwe, Handeni, Pangani na Jiji la Tanga, ambao jana walikuwa utingo au waliendesha Fuso za machungwa na mbogamboga, leo wanakabidhiwa magari yenye trela na safari za siku mbili, tatu au zaidi. Kwa wengi wao ni hatua kubwa ya maisha. Hata hivyo, mabadiliko yanayowakabili hayaishii kwenye ukubwa wa gari. Saa za kulala, mahali pa kula, muda wa kuwa na familia na uhusiano na mwajiri, vyote hubadilika kwa pamoja.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo dereva anayeanza safari ndefu anapaswa kuyafahamu, na hasa jambo moja ambalo mara nyingi hujifunza akiwa amechelewa: sheria za nchi zimeweka kikomo cha saa za kazi, kikomo cha mwendo na kikomo cha uzito, na vikomo hivyo vimewekwa kumlinda yeye kabla ya kumwadhibu.

Leseni ni mwanzo wa kazi

Anayetaka kuendesha gari kubwa la mizigo anatakiwa kuwa na leseni yenye daraja linaloruhusu magari hayo, ambalo ni daraja E. Mafunzo hutolewa na vyuo vinavyotambuliwa na Serikali, vikiwamo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani humpima mwombaji, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoa leseni baada ya malipo. Aidha, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, imepewa jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara.

Hata hivyo, leseni humwonesha askari kuwa mtu anajua kuendesha. Haimfundishi dereva namna ya kugawa siku yake, namna ya kusoma mzigo ulio nyuma yake, wala namna ya kumwambia msimamizi kuwa amechoka. Ujuzi huo hupatikana kazini. Mwenye gari aliye makini hamtumi dereva mpya peke yake siku ya kwanza. Humpanga na dereva mzoefu kwa safari kadhaa, ili ajifunze mahali ambapo barabara huvuka vijiji na ambapo mifugo huvuka jioni, na pia aone maegesho yenye taa na ulinzi.

Siku ya kazi ina mwisho

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, iliyotungwa mwaka 2004, inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano na haziwezi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki 4. Hata zikijumuishwa saa hizo za ziada, siku moja ya kazi haipaswi kuzidi saa 12. Mfanyakazi anayefanya kazi kwa zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine anastahili saa 12 za mapumziko mfululizo, na kila wiki saa 24.

Ili kuona maana ya namba hizo barabarani, tuchukue mfano wa dereva anayepangiwa kupeleka kontena Arusha. Kutoka Tanga hadi Arusha, kupitia Segera, Korogwe, Mombo, Same na Moshi, ni takriban kilomita 435. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ambao ni wa kawaida kwa lori lililojaa linalopita katikati ya miji na vijiji, safari hiyo inahitaji karibu saa 9 za usukani bila kuhesabu mapumziko.

Dereva huyo ameripoti bandarini saa 12 asubuhi. Foleni, nyaraka na upakiaji vimemweka hadi saa 6 mchana. Akiamua kufika Arusha siku hiyo hiyo bila kupumzika, atafika saa 3 usiku akiwa ametimiza saa 15 tangu aanze kazi. Dereva mpya huwa mwepesi wa kuzisahau saa 6 za kusubiri kwa sababu hakuwa ameshika usukani. Mwili wake hauzisahau. Alikuwa macho, juani, akisogeza gari kidogo kidogo na kufuatilia karatasi.

Mpango ulio salama ni mwingine. Aondoke saa 6 mchana, apumzike saa moja njiani, na kufikia saa 12 jioni atakuwa ametembea takriban kilomita 250, yaani yuko karibu na Same. Hapo aegeshe gari mahali penye ulinzi, ale na alale. Akiondoka saa 12 asubuhi, atakuwa Arusha kabla ya saa 4. Mwenye mzigo anaupokea asubuhi maghala yakiwa wazi. Dereva aliyekimbia usiku kucha angefika mapema zaidi, lakini pengine angelala nje ya geti lililofungwa akisubiri asubuhi ile ile.

Wenyeji wa Tanga wana msemo wao kuhusu wageni wa mji wao: waja leo, waondoka leo. Kwa mgeni ni utani. Dereva wa lori asiugeuze kuwa ratiba.

Usingizi hauombi ruhusa

Mwili wa binadamu una saa zake. Usingizi huwa mzito zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na hurudi tena kwa nguvu ndogo mchana baada ya chakula. Dereva mpya hudhani atautambua usingizi kabla haujamfikia. Ukweli ni kwamba mtu aliyechoka anaweza kupitiwa kwa sekunde chache macho yakiwa nusu wazi, bila yeye mwenyewe kujua kuwa amelala. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hutembea mita 22 kila sekunde. Usingizi wa sekunde 3 ni mita 66 ambazo lori limekwenda lenyewe.

Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kutafuna mirungi au kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu hakuondoi uchovu. Huahirisha tu wakati wake. Mirungi, zaidi ya hayo, ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku nchini. Tiba ya usingizi ni kulala. Dereva anayejikuta hakumbuki kilomita chache alizopita, anayepiga miayo mfululizo au anayegusa ukingo wa lami mara kwa mara, anapaswa kutafuta mahali salama pa kuegesha bila kusubiri mji unaofuata.

Barabara ya Segera hadi Same inafahamu gharama ya makosa. Usiku wa Februari 3, 2023, katika eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori liligongana na gari la abiria lililokuwa limebeba waombolezaji na mwili wa ndugu yao kutoka Dar es Salaam kwenda kuuzika Kilimanjaro. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha. Ni tukio ambalo kila anayeshika usukani katika barabara hiyo anapaswa kulikumbuka anapofikiria kulipita gari lililo mbele yake gizani.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Pongwe, Muheza, Hale, Korogwe, Mombo, Kabuku na Mkata yote yana watu wanaovuka barabara: wanafunzi, akina mama wenye ndoo, waendesha bodaboda na wachungaji wenye mifugo. Lori lililopakia tani kadhaa huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko gari dogo, na wakati wa masika na vuli umbali huo huongezeka kwa utelezi.

Gari likiharibika njiani, dereva aliondoe barabarani kadiri inavyowezekana, awashe taa za tahadhari na kuweka pembetatu zinazoakisi mwanga mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha. Wengi bado hutumia matawi na mawe. Mawe hayo yakiachwa barabarani baada ya gari kupona, huwa chanzo cha ajali ya mtu mwingine.

Mzigo na mizani

Dereva aliyezoea gari dogo hukutana na jambo jipya anapofika kwenye mizani ya Wakala wa Barabara (TANROADS). Tangu Machi 1, 2019 Tanzania inatekeleza Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake ni tani 56. Ekseli ya usukani isizidi tani 8, kundi la ekseli mbili zenye matairi pacha tani 18, na kundi la ekseli tatu zenye matairi pacha tani 24. Kwa hiyo gari la ekseli 6 lenye kichwa na trela ya kawaida halipaswi kuzidi tani 50, kwa kuwa 8, 18 na 24 ndizo zinazolipatia jumla hiyo.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba gari linaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado likakutwa na kosa. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja. Ikirundikwa mbele kupita kiasi, uzito huhamia kwenye ekseli za kichwa. Ikirundikwa nyuma, ekseli za trela ndizo zinazoelemewa. Gari lililozidisha hulipiwa tozo, na mzigo hulazimika kupangwa upya au kupunguzwa kabla ya safari kuendelea. Hapo dereva hupoteza saa ambazo baadaye hushawishika kuzirudisha kwa kukimbia. Kukwepa mizani ni kosa lenye adhabu yake.

Kwa sababu hiyo dereva asiwe mtu wa kukabidhiwa gari lililokwisha kufungwa turubai. Asimame wakati wa kupakia, aone mzigo unavyopangwa, akague kamba, minyororo na vifungio vya kontena, na asaini karatasi baada ya kuona.

Anayebeba mafuta ana tahadhari ya ziada. Agosti 10, 2019 katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na baadaye kulipuka wakati watu wakichota mafuta yaliyomwagika. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Lori la mafuta likipinduka, jukumu la kwanza la dereva aliye na uwezo wa kutembea ni kuwaweka watu mbali, kuzuia moto wa aina yoyote na kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 ya Polisi.

Kuvuka Horohoro

Kutoka Jijini Tanga hadi Horohoro ni takriban kilomita 65 za lami. Upande wa pili ni Lungalunga, Kenya, na barabara inaendelea hadi Mombasa. Horohoro ni Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, maana yake taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa upande mmoja wa mpaka badala ya dereva kusimama mara mbili.

Urahisi huo hauondoi wajibu wa kuwa na nyaraka kamili. Dereva ahakikishe kabla ya kuondoka kuwa hati yake ya kusafiria bado ina muda, kwamba nyaraka za forodha zilizoandaliwa na wakala zinalingana na mzigo halisi, na kwamba gari lina bima inayotambulika nchi anakokwenda. Tanzania inashiriki katika mpango wa bima wa Kadi ya Njano ya COMESA, unaomwezesha mwenye gari kupata ulinzi akiwa nje ya nchi. Kwa mizigo inayopita kwenda nchi nyingine, TRA hufunga kifuli cha kielektroniki kinachofuatilia gari njia nzima. Kukichokonoa kifuli hicho au kuacha njia iliyopangwa ni jambo ambalo dereva hataweza kulieleza kirahisi.

Kusema hapana

Jaribu gumu zaidi la dereva mpya hutokea kwenye simu. Msimamizi anauliza mbona gari limesimama Mombo. Mteja anasubiri. Kuna madereva wengine wanaotafuta kazi. Katika hali hiyo, wengi huwasha gari.

Sheria imeliona jambo hilo. Kwa mujibu wa Sura ya 366, kukataa kufanya kitu ambacho mwajiri hana mamlaka kisheria kumtaka mfanyakazi akifanye si sababu halali ya kumwachisha kazi. Kuendesha kupita saa zilizowekwa au kubeba mzigo uliozidi ni miongoni mwa vitu hivyo. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali anaweza kuwasilisha mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine huwasilishwa ndani ya siku 60.

Hata hivyo, dereva mpya anapaswa kujua pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi aliyetumikia chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Kipindi hicho ndicho ambacho hana uzoefu, na ndicho ambacho ana wasiwasi zaidi wa kupoteza kazi. Vikomo vya saa, mapumziko na malipo humhusu tangu siku ya kwanza, lakini ni busara kuanza kazi akiwa na maandishi mkononi.

Maelezo ya ajira yanapaswa kuwa ya maandishi, yakionesha kazi, mshahara, saa na mahali pa kazi. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Posho ya safari isichanganywe na mshahara. Dereva athibitishe kuwa michango yake inafika katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na kuwa mwajiri amesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao huchangiwa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi. Aidha, awe na daftari dogo la kuandika saa ya kuripoti, saa ya kuondoka, mahali alipolala na saa aliyokabidhi mzigo. Daftari hilo humsaidia kupanga safari, na ikitokea mgogoro huwa kumbukumbu yake.

Nyumbani na afya

Mabadiliko mengine hayaonekani barabarani. Dereva wa safari ndefu hukosa msiba, harusi na siku ya mtoto kuanza shule. Familia nayo hulazimika kujifunza kuishi na mtu anayerudi amechoka na kuondoka kabla hajapumzika. Mazungumzo ya mapema kati ya wenza kuhusu ratiba, fedha za matumizi na muda wa kupigiana simu hupunguza ugomvi mwingi. Simu hizo zipigwe gari likiwa limesimama.

Kukaa kitini kwa saa nyingi, kula chipsi na nyama choma usiku na kunywa maji machache ili kupunguza kusimama huleta maumivu ya mgongo, shinikizo la damu na kisukari. Dereva apime macho na shinikizo la damu mara kwa mara, ashuke na kutembea anapopumzika, na abebe maji na matunda ambayo ukanda huu unayo kwa wingi. Vilevile, upweke wa safari umewaingiza wengi katika mahusiano yenye hatari ya maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Ushauri nasaha, upimaji na kondomu hupatikana katika vituo vya kutolea huduma za afya, na dereva ana haki ya kuhudumiwa katika kituo chochote anachopitia.

Wajibu wa wengine

Dereva peke yake hawezi kubeba jukumu lote. Mmiliki anayepanga safari ya Arusha na kurudi ndani ya siku moja na nusu ameshapanga uchovu kabla gari halijawashwa. Mwenye mzigo anayelichelewesha lori getini kwa saa nyingi kisha akadai lifike kwa wakati ule ule, naye amechangia. Wananchi wanaoishi kando ya barabara wanaweza kusaidia kwa kutoa taarifa za magari yanayoendeshwa kwa hatari na kwa kuyaacha maegesho ya magari makubwa yatumike kwa kazi yake.

Kwa kijana anayeondoka Tanga leo na trela lake la kwanza, ushauri unabaki kuwa mfupi: ahesabu saa zake tangu alipoamka, aone mzigo wake ukipakiwa, aandike anayoyafanya, na inapofika saa ya kulala azime injini. Mzigo utafika asubuhi.